Kuondolewa Mafindofindo Ukiwa Mtu Mzima: Mwongozo Kamili wa Maandalizi, Upasuaji na Wiki Mbili za Kupona

Mtu mzima anayeambiwa na daktari kwamba mafindofindo yake yanapaswa kuondolewa huanza kuiogopa siku ya upasuaji: sindano, dawa ya usingizi, kisu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini saa ile ya upasuaji utakuwa umelala fofofo na hutakumbuka chochote. Mtihani wenyewe uko nyumbani, katika siku 10 hadi 14 zinazofuata, na kilele chake huangukia kati ya siku ya nne na ya nane, wakati ambapo maumivu hupanda badala ya kushuka ilhali jamaa zako wanadhani umeshapona. Mimi niliondolewa mafindofindo nikiwa na umri wa miaka 34. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku moja ya hospitali, na hakuna aliyenieleza kinagaubaga kuhusu siku ya tano. Mwongozo huu umepangwa kwa kuizingatia siku hiyo: kila hatua, tangu unapofanya uamuzi hadi unaporudi kazini, inalenga kukufikisha hapo ukiwa na ratiba ya dawa, maji ya kutosha mwilini na mtu karibu nawe.

Hatua ya kwanza: pima kama upasuaji unakufaa

Jina mafindofindo hutumika kwa mambo mawili, yaani ugonjwa wa koo lenye uvimbe na vile vinundu viwili vinavyovimba, ambavyo wengi huviita tonsesi. Hapa nina maana ya vinundu. Viko pande mbili za koo nyuma ya ulimi, na ukifungua mdomo mbele ya kioo utaviona vimejibanza kulia na kushoto kwa kidakatonge. Ni sehemu ya kinga ya mwili, ndiyo maana watu huuliza kama kuviondoa kutawaacha wanyonge mbele ya maradhi. Kwa mtu mzima, kuviondoa hakuleti udhaifu unaoonekana katika maisha ya kila siku, kwa kuwa tishu za aina hiyohiyo zinabaki kwenye shina la ulimi, nyuma ya pua na kwingineko mwilini, nazo huendelea na kazi.

Sababu ya kawaida ya kuviondoa ni maambukizi yanayojirudia. Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki: vipindi 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au vipindi 5 kwa mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au vipindi 3 kwa mwaka kwa miaka 3 mfululizo, kila kipindi kikiwa kikali kiasi cha kukuzuia kufanya shughuli zako. Kumbukumbu ya mtu hukosea mno katika hesabu ya aina hii, kwa hiyo anza leo kuandika tarehe ulipougua, kama ulikuwa na homa, dawa uliyopewa na siku ulizokosa kazi. Sababu nyingine ni jipu la usaha linalojitokeza kando ya findo na kurudi tena, mafindofindo makubwa yanayoziba njia ya hewa usingizini hadi mtu anakoroma na kukatika pumzi, na wakati mwingine vijiwe vyeupe vyenye harufu mbaya vinavyojirundika ndani ya vishimo vyake. Kwa hiyo sababu ya mwisho, jaribu kwanza njia nyepesi, kama vile kusukutua na kutunza usafi wa kinywa, kabla ya kufikiria upasuaji.

Jambo moja halipaswi kungojea hesabu yoyote. Findo la upande mmoja likikua kuliko jingine, hasa kukiwa na uvimbe shingoni, kupungua uzito bila sababu au maumivu ya sikio la upande uleule yasiyokwisha, muone daktari mapema, kwa sababu hapo findo huenda likaondolewa ili lichunguzwe kama lina saratani.

Matarajio nayo yanahitaji kuwekwa sawa. Utafiti uliofanyika katika hospitali 27 za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2023 uliwagawa watu wazima 453 wenye maambukizi ya kujirudia katika makundi mawili, kundi moja likafanyiwa upasuaji mapema na jingine likaendelea na matibabu ya kawaida. Katika miezi 24, mtu wa kati katika kundi la upasuaji (yaani aliye katikati ukiwapanga wote kwa idadi ya siku) alikuwa na siku 23 za maumivu ya koo, na wa kundi la pili alikuwa na siku 30. Faida ipo, lakini tofauti si ya mbingu na ardhi, na baada ya upasuaji bado utapata mafua na koo litakuwasha kama watu wote. Maoni yangu ni kwamba anayepoteza wiki kadhaa za kazi kila mwaka ana haki ya kuutafuta upasuaji huu bila kuona haya, ilhali anayeugua mara mbili kwa mwaka angoje.

Hatua ya pili: mweleze daktari kila kitu

Mkikubaliana na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, utaitwa kufanyiwa tathmini. Utapimwa uzito na shinikizo la damu, utatolewa damu ili kuangalia wingi wake na pengine uwezo wake wa kuganda, na mwenye umri mkubwa au maradhi ya moyo anaweza kupimwa mwenendo wa moyo. La thamani zaidi, hata hivyo, ni maelezo yako mwenyewe. Sema kama ulipong'olewa jino damu ilichelewa kukoma, kama unavilia damu kwa kugongwa kidogo tu, kama hedhi yako ni nzito kupita kawaida, au kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata tatizo kwa sababu ya dawa ya nusukaputi. Sema kama una pumu, kisukari, selimundu au unakatika pumzi usingizini, kama kuna uwezekano wa mimba, na kama una jino linalolegea au meno ya bandia, kwa kuwa chombo cha kupanulia mdomo hupita juu ya meno.

Taja pia kila dawa unayotumia, zikiwemo za mitishamba. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda huhitaji kupangiwa tarehe ya kusimamishwa, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani kwa mwenye maradhi ya moyo kuziacha kiholela kunaweza kuleta balaa kubwa kuliko lile unalolikimbia. Anayevuta sigara aache mapema kadiri awezavyo, na ahesabu kwamba hatavuta kabisa katika wiki mbili za kupona. Ukipata homa, kikohozi au mafua mazito siku chache kabla ya tarehe, piga simu hospitalini; kuahirisha ni afadhali kuliko kulazwa usingizi ukiwa na kifua kibovu.

Uliza maswali ukiwa na kalamu mkononi. Nitaruhusiwa siku hiyohiyo au nitalala? Nitapewa dawa zipi za maumivu, na ibuprofeni imo au haimo? Vinundu vyangu vitapelekwa maabara? Usiku wa manane nikitokwa damu, niende mlango gani na nipige namba ipi? Utaelezwa pia njia itakayotumika: kisu na mkasi vya kawaida, kifaa cha umeme kinachokata na kuunguza mishipa ya damu kwa wakati mmoja, au kifaa kinachoyeyusha tishu katika maji ya chumvi kwa joto la chini zaidi. Watu hubishana sana kuhusu vifaa hivi. Binafsi ningemchagua daktari aliyezoea njia yake, hata kama ni ya zamani, kuliko kifaa kipya kilicho mikononi mwa anayejifunza.

Hatua ya tatu: andaa nyumba kabla hujaondoka

Omba ruhusa ya kazini ya siku 14, hata kama mtu amekwambia kwamba wiki moja inatosha.  Kwa wiki moja, mtu mzima huishia kurudi kazini katika siku zile ambazo maumivu ndiyo yamekolea na hatari ya damu ndiyo imepanda.

Kisha tafuta mtu. Saa 24 za kwanza baada ya dawa ya usingizi hupaswi kulala peke yako, kuendesha gari wala kutia saini jambo lolote zito, lakini mtu huyo utamhitaji zaidi baadaye. Mwandikie tarehe za siku ya tano hadi ya kumi kwenye karatasi na uibandike mahali mnapopita, ili asije akapanga safari akidhani umeshapita penye ugumu. Kama una watoto wadogo, panga nani atawabeba, kwa kuwa hutakiwi kunyanyua vitu vizito. Panga pia usafiri wa usiku wa kwenda hospitalini, namba ya simu iwe imeandikwa na si kuhifadhiwa kichwani, na usisafiri kwenda mbali na hospitali kwa wiki mbili zote.

Nunua dawa mapema, na uliza kama zinapatikana za maji au za kuyeyushwa, kwa sababu kidonge kikubwa ambacho leo unakimeza bila kufikiri kitakuwa kama jiwe. Weka barafu ya kutosha kwenye friji. Ongeza mto mmoja au miwili ili ulale kichwa kikiwa juu, tochi ya kuangalia koo, beseni dogo, daftari na kalamu ya kuandikia saa za dawa na mambo unayotaka kusema bila kutumia sauti. Chupa ya maji yenye alama za vipimo itakusaidia kuliko unavyodhani, kwani mgonjwa mwenye maumivu huapa kwamba amekunywa sana ilhali amekunywa vikombe viwili.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa 2 kabla, lakini fuata maagizo ya hospitali yako hata yakiwa makali zaidi. Ondoa vito, rangi ya kucha na lenzi za macho. Utatia saini fomu ya ridhaa, utawekewa sindano ya mshipa, na mtaalamu wa dawa za usingizi atakuuliza tena maswali uliyokwisha kujibu. Yajibu tena kwa utulivu.

Ukishalala, mrija wa kupumulia hupitishwa kinywani, mdomo hupanuliwa kwa chombo maalumu, na vinundu hutolewa kupitia mdomoni bila kuchanja ngozi popote. Nyuzi hazitumiki sana, hivyo mahali vilipokuwa hubaki vidonda viwili vilivyo wazi ambavyo vitajifunika vyenyewe. Kazi nzima huchukua kati ya dakika 30 na saa moja.

Utaamka ukiwa na koo linalouma, ladha ya damu mdomoni na pengine kichefuchefu. Sema mapema kama unahisi kutapika, kwani dawa ipo. Kutapika mara moja matapishi meusi hutokana na damu uliyomeza wakati wa upasuaji, lakini damu nyekundu mbichi ni jambo la kumwita muuguzi papo hapo. Taya linaweza kukaza, na ulimi unaweza kufa ganzi kidogo au kupoteza ladha kwa sababu ulikuwa umekandamizwa. Hali hiyo mara nyingi huisha ndani ya siku au wiki chache. Utaangaliwa kwa saa kadhaa, na ukiweza kunywa, kukojoa na kutembea bila damu kutoka, utaruhusiwa. Anayekatika pumzi usingizini, au anayeishi mbali, aombe kulazwa usiku huo.

Hatua ya tano: meza dawa kwa saa, usingoje maumivu

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Siku ya tatu nilijiona nimepata nafuu, nikaruka dozi ya jioni na kulala bila kutega kengele ya simu. Niliamka saa tisa usiku koo limekauka kama limepakwa gundi, sikio la kushoto likipiga kana kwamba mtu anachoma sindano ndani yake, na mate yamejaa mdomoni kwa sababu sikuthubutu kuyameza. Niliketi ukingoni mwa kitanda na glasi ya maji mkononi, nikinywa tone kwa tone ili dawa ipite, na ikachukua karibu saa nzima kabla ya maumivu kuanza kushuka. Maumivu ya koo hili yakikutangulia, kuyafukuzia ni kazi ngumu. Yakikukuta na dawa mwilini, yanavumilika.

Kwa hiyo, katika siku 10 za kwanza, meza dawa kwa ratiba, mchana na usiku, hata unapojisikia vizuri. Msingi wake huwa parasetamoli, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 katika saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye maradhi ya ini au mnywaji wa pombe apangiwe kipimo chake na daktari. Soma pakiti ya dawa yoyote ya mafua kabla ya kuimeza, kwa maana nyingi zina parasetamoli ndani yake na unaweza kuzidisha bila kujua. Kuhusu ibuprofeni, madaktari hutofautiana: wengi huiruhusu, wengine huiepuka kwa kuhofia damu, na wenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au aina fulani za pumu hawapaswi kuitumia bila ushauri. Aspirini usiiguse kabisa kwa ajili ya maumivu haya.

Ukipewa dawa kali za jamii ya kodeini au morfini, zitumie kwa siku zile ngumu tu na kwa kipimo kilichoandikwa. Huleta usingizi mzito, kichefuchefu na kufunga choo, na kwa baadhi ya watu mwili huibadilisha kodeini haraka mno hadi pumzi inapungua. Anayenyonyesha na anayekatika pumzi usingizini wamkumbushe daktari hali zao kabla ya kuandikiwa. Anza maji mengi na dawa ya kulainisha choo mapema, kwani kujikamua chooni ukiwa na vidonda kooni si jambo la kutaka.

Tega kengele ya usiku. Dozi iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya saa za alfajiri, kwa sababu asubuhi ndiyo wakati ambapo koo limekauka zaidi. Dozi ya mchana nayo imeze kama nusu saa kabla ya kula. Usisage wala kuvunja kidonge chochote bila kumuuliza mfamasia, kwa kuwa baadhi vimetengenezwa viyeyuke polepole. Antibayotiki, kwa upande wake, haipunguzi maumivu haya, kwa hiyo usishangae wala usinung'unike usipopewa.

Hatua ya sita: kunywa kwanza, kula kunafuata

Kati ya maji na chakula, chagua maji. Mtu mzima anaweza kula kidogo kwa wiki nzima na kupungua kilo chache bila madhara makubwa, lakini koo lililokauka huuma zaidi, hupona polepole na huongeza uwezekano wa kurudi hospitalini kwa dripu. Lenga lita 2 kwa siku au zaidi, ukizigawa mchana kutwa, na angalia mkojo: ukiwa wa njano hafifu uko salama, ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukikaa saa nyingi bila kukojoa, umepungukiwa na maji. Kumbuka kwamba kumeza funda dogo sana huuma sawasawa na funda la kawaida, hivyo ni afadhali kumeza funda la kutosha mara chache kuliko kujitesa kwa matone mia.

Epuka juisi chachu kama za limau, machungwa na nanasi, pilipili, nyanya, pombe na vitu vya moto. Vinywaji vyekundu pia viache, kwa sababu moja tu: ukitema kitu chekundu usiku, uwe na hakika ni nini. Barafu ya kunyonya hutuliza, na kitambaa chenye barafu shingoni husaidia pia.

Kwenye chakula, anza na vilaini: uji uliopoa, supu ya vuguvugu, mtindi, mayai, viazi vilivyopondwa. Watu wengi hukwama hapo kwa wiki mbili wakiogopa chakula kigumu, ilhali kutafuna hulegeza misuli ya taya na koo na husaidia kusafisha vidonda. Kula chochote unachoweza kukimeza mara tu utakapoweza. Si lazima chakula kiwe laini, ni lazima kisiwe na makali wala pilipili. Kutafuna ubani (chingamu) nako husaidia baadhi ya watu kwa sababu huleta mate.

Hatua ya saba: zijue siku zenyewe

Siku mbili za kwanza zinaweza kukudanganya. Dawa ulizopewa wakati wa upasuaji bado zinafanya kazi, na wengi huweza kuongea na hata kula. Kidakatonge huenda kikavimba na kuning'inia juu ya ulimi kana kwamba umenasa kitu kooni. Nyonya barafu na ukae wima, na ukiona pumzi inabana, nenda hospitalini. Homa ndogo ya hadi nyuzi joto 38 si ajabu, lakini ikivuka 38.5 au ikidumu, piga simu.

Katika saa 24 hivi za kwanza utaona utando mweupe, kisha wa kijivu au wa manjano, ukifunika pale vinundu vilipokuwa. Nilipoumulika kwa tochi mara ya kwanza niliamini ni usaha. Ulikuwa kama ukungu mzito uliobandikwa pande mbili za koo, wenye kingo zisizo sawa na harufu ambayo hata mimi mwenyewe niliisikia nikipumua. Hiyo ndiyo bandeji ya mwili, na si maambukizi. Usiukwangue, usisukutue kwa nguvu, na meno yapigwe mswaki taratibu kama kawaida.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne maumivu hupanda. Masikio huuma sana, hasa unapomeza, ingawa hayana ugonjwa wowote, kwa sababu neva inayohudumia koo inahudumia pia sikio na ubongo hushindwa kutofautisha. Usitie matone masikioni, tibu koo. Kulala mdomo wazi hukausha koo, kwa hiyo lala kichwa kikiwa juu, weka chombo cha kutia unyevu hewani kama unacho, na uwe na maji kando ya kitanda. Sauti inaweza kuwa kama ya mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, na maji yanaweza kurudi puani ukinywa haraka. Moyo nao huzama kidogo siku hizi, kwani mtu hujiona anazidi kuugua. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kupanda huku ni sehemu ya kupona, alimradi hakuna damu, hakuna homa kali na unakunywa.

Kati ya siku ya tano na ya kumi utando huanza kubanduka vipande vipande. Baada ya hapo maumivu hushuka siku hadi siku, na kinachobaki mwishoni ni mchomo wakati wa kupiga miayo na kupiga chafya. Ukihisi chafya inakuja, iache itoke mdomo ukiwa wazi.

Hatua ya nane: damu, na la kufanya ikitoka

Isome sehemu hii pamoja na mtu atakayekuuguza, kabla ya upasuaji. Damu inaweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza, na inaweza kutoka baadaye, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati utando unapobanduka. Kwa watu wazima hutokea mara nyingi kuliko kwa watoto. Mara nyingi hukoma, lakini hakuna mtu nyumbani anayeweza kujua ni ipi itakayokoma na ipi itakayozidi.

Michirizi myembamba iliyochanganyika na mate, inayopotea ukinywa maji baridi, ifuatilie na uiandike saa. Damu nyekundu mbichi iliyozidi hapo, bonge la damu iliyoganda, au kumeza-meza kusikokwisha usingizini pamoja na ladha ya damu, ni safari ya hospitali mara moja. Keti wima na uinamishe kichwa mbele. Tema damu kwenye beseni, usiimeze, ili isikutapishe na ili madaktari wajue kiasi kilichotoka. Sukutua polepole kwa maji ya baridi sana au nyonya barafu mkiwa njiani. Usilale chali, usiendeshe gari mwenyewe, na usile wala kunywa kingine, kwani huenda ukahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji. Ukiishiwa nguvu na kulazimika kulala, lala ubavu. Kama damu inatoka kwa wingi, nendeni hospitali ya karibu zaidi yenye huduma ya dharura, hata kama siyo iliyokufanyia upasuaji.

Damu ikikoma mkiwa njiani, msigeuze. Kutoka kidogo kisha kukoma kunaweza kutangulia kutoka kwingine kukubwa zaidi, na hospitalini watakuwekea dripu, watakupima damu, watakuangalia koo na pengine kukulaza usiku mmoja. Wakati mwingine huunguza mshipa ukiwa macho, wakati mwingine hulazimika kukulaza usingizi tena. Wagonjwa wengi husita kwa sababu ya aibu ya kusumbua watu usiku. Tafadhali wasumbue.

Nenda pia upesi kama huwezi kunywa chochote kwa siku nzima, kama pumzi inabana, kama shingo imekaza pamoja na homa, au kama maumivu yanazidi baada ya siku ya kumi badala ya kupungua.

Hatua ya tisa: kurudi taratibu

Kazi ya mezani inawezekana baada ya siku 10 hadi 14. Kazi ya kunyanyua mizigo, ya kupaza sauti au ya kusafiri mbali ingoje wiki 2 kamili. Mazoezi ya kutoa jasho, kuogelea na pombe navyo vingoje muda huohuo. Vidonda vikishajifunika, huenda ladha ya vyakula au sauti ikachukua wiki kadhaa kurudi sawasawa, na yeyote ambaye maji yanaendelea kurudi puani baada ya mwezi amweleze daktari.

Kama vinundu vyako vilipelekwa maabara, fuatilia majibu mwenyewe. Usichukulie kwamba kimya maana yake ni salama. Piga simu, taja jina na tarehe ya upasuaji, na uombe uelezwe kilichoandikwa. Mimi niliipiga simu hiyo siku ya kumi na sita, asubuhi ileile nilipopiga miayo mirefu kitandani na kugundua, ikiwa imeshakwisha, kwamba sikuwa nimeshika taya.